Mgeni Asiyekaa

Wenzake kazini walimwita Kiguu na Njia, na hakuna tena aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa muuguzi, na kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani wazee waliotoka idara ya dharura: walioanguka bafuni, waliokosa pumzi kwenye ngazi, waliochanganya vidonge vya asubuhi na vya jioni. Hao hulazwa saa chache kwenye vile vitanda vya magurudumu, kisha huambiwa haya, nendeni nyumbani, mmepona. Kupona gani huko, nani ajuaye. Daktari wa dharura humwona mzee amelala, humwona ameketi, na tayari kitanda kinatakiwa na mtu mwingine. Yanayotokea baadaye, kati ya kitanda cha nyumbani na choo, kati ya jiko na mlango, hayo ndiyo yalikuwa ya Kiguu na Njia.

Na aliyaendea mbio. Mama yake mzazi alikuwa akimtania kwamba siku watu walipogawiwa makalio yeye alikuwa safarini. Alipima presha amesimama, akahesabu vidonge amesimama, akanywa maji amesimama. Akiambiwa "Karibu ukae," alijibu, "Asante, nimeshakaa," naye yuko wima mlangoni na mkoba begani. Wagonjwa walikuwa wengi, miguu ilikuwa miwili, na simu ya msimamizi wake, ambaye wote walimwita Bimkubwa, haikumpa hata nafasi ya kukohoa.

Asubuhi hiyo alikuwa njiani kwenda kwa Mzee Randa, na sikioni alikuwa na mtoto wa pekee wa Mzee Randa, muuza vipuri vya magari katika mji wa jirani. Huyo naye alizungumza kama mtu aliyeacha injini ikiunguruma.

"Dada, nisikilize. Leo ndiyo unakwenda mara ya mwisho, sivyo?"

"Ndiyo, kaka. Nikimkuta yuko sawa, basi, tumemaliza naye."

"Haya, mimi nataka neno moja tu. Baba anajiweza au hajiwezi? Akijiweza, abaki hapo hapo. Asipojiweza, Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu nina chumba kimoja tu. Mama atakwenda kwa mama mdogo."

Kiguu na Njia alipunguza mwendo, jambo ambalo si la kawaida yake. "Yaani mtawatenganisha?"

"Nani anatenganisha? Nawatunza! Mama siku hizi ana usahaulifu kidogo, mama mdogo atamwangalia. Unataka nijikate vipande viwili?"

"Nitakupigia nikishamwona."

Alikata simu akiwa hana wasiwasi wowote kuhusu jibu. Mzee Randa alikuwa seremala mstaafu, na jina lake lilitokana na randa, kifaa cha kulainishia mbao ambacho hakikumtoka mkononi maisha yake yote. Alikuwa ameanguka uani kwake, majirani wakambeba hospitali, ikaonekana mifupa iko salama na presha ndiyo iliyoshuka. Alibadilishiwa dawa akarudishwa nyumbani. Mara zote mbili Kiguu na Njia alipomtembelea, alibisha kwenye geti la bati, akasubiri kidogo, akasikia mkongojo unakuja kok, kok, kisha komeo la juu kwa ndani likilia chuma kwa chuma, na mzee huyo hapo, shati limepigwa pasi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Alimpeleka sebuleni, akasimama naye, akamsindikiza hadi getini, na nyuma yake komeo likalia tena. Laiti wazee wote wangekuwa hivi, ndivyo alivyowaza muuguzi wetu akikimbilia nyumba nyingine.

Leo, kwenye kona ya duka la mikate, kiatu kilimfanyia hiana. Mkanda wa kandambili yake ya ngozi ulikatika pale pale kwenye kidole gumba. Akalaani, akaburura mguu, akafika kwa Mzee Randa akichechemea kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lo! Leo muuguzi ndiye anayechechemea!" Mzee alicheka, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine umeshika nguzo ya geti. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni mara yako ya tatu. Jembe sina, mimi nitakupa msumeno."

Alilifunga komeo kwa shida, akinyoosha mkono juu kabisa, na Kiguu na Njia, ambaye simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni, alijiuliza kwa nini mtu mzima aweke komeo juu namna ile. Alijiuliza kidogo tu, kisha akaisoma simu. Bimkubwa: *uko wapi*.

Sebuleni walipokelewa na mke wa mzee, bibi mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono mipana.

"Karibu, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Hospitali, Bibi."

"Pole. Una mgonjwa huko?"

Wote wakacheka, na bibi akacheka nao. Akaenda kuleta glasi ya maji. Baada ya muda akaleta glasi nyingine. "Karibu, mwanangu," akasema. "Umetoka wapi?"

"Mama anakupenda," mzee alidakia haraka. "Si kila mgeni anapewa glasi mbili."

Sasa mtu mwenye kiatu kilichokatika hawezi kusimama milele. Viti vya sebule ile mzee alivitengeneza mwenyewe enzi za nguvu zake, vya chini, vipana, vya kuzama ndani yake. Kiguu na Njia akazama kwenye kimoja. Kilikuwa kitu kigeni kwake, kukaa kwenye nyumba ya mgonjwa. Akainua macho, akamwona mwenyeji amesimama mbele yake.

"Kaa basi, Mzee. Unanitia aibu. Mgeni nimekaa, mwenyeji umesimama kama askari wa benki."

"Seremala hakai, mwanangu."

"Leo hakuna kazi."

Mzee aligeuza macho kuelekea mlango wa jikoni, kisha akakitazama kiti kama mtu anayetazama maji asiyoyajua kina. "Kazi ipo," akasema hatimaye. "Nipe hicho kiatu." Akajiachia kitini, puu, pumzi ikamtoka. Mkewe akatumwa kasha la misumari, na mzee akaanza kuupiga mkanda juu ya goti lake, ulimi pembeni ya mdomo, mwenye furaha kabisa.

Presha ilikuwa nzuri. Vidonge vilikuwa sawa. Kiatu kilipona. Bibi alitoka akaenda uani, ikasikika ndoo ikijazwa. Simu ikatetemeka mara nyingine, na Kiguu na Njia akasimama, mguu mmoja tayari mlangoni.

"Basi, Mzee, mimi naondoka. Umepona, usituletee tena mambo."

"Ngoja," mzee alisema.

Akangoja.

"Nilishakuhadithia ule mlango niliotengeneza ukakataa kuingia kwenye nyumba?"

"Bado, Mzee, lakini..."

"Mlango mzuri! Mninga mtupu! Nilipima mwenyewe." Akasimulia. Mlango ulikuwa mkubwa kuliko nafasi yake, mwenye nyumba akakataa kulipa, fundi wa kuta akaitwa, wakabishana. Simulizi ilikuwa tamu, lakini mzee hakuwa anaitazama sura ya msikilizaji wake. Alitazama mlango wa uani, na kila baada ya sentensi mbili aliita, "Mama! Mama ee! Mgeni anaondoka!"

"Naja!" bibi alijibu kutoka uani, na maji yakaendelea kumiminika.

Kiguu na Njia alihamia mguu wa kushoto, akahamia wa kulia. Mlango wa mninga ulikwisha, likaanza kabati la shule. Simu ikaita kabisa. Aliujua ugonjwa huu. Hauna dawa katika mkoba wake. Ni upweke. Wazee humshika mgeni kwa hadithi, na hakuna muuguzi ambaye hajashikwa. Alimhurumia. Lakini huruma nayo inataka nafasi, na kule mtaa wa pili kulikuwa na mzee mwingine, mgonjwa wa moyo, aliyetoka hospitali jana.

"Mama ee!"

"Mwache, Mzee. Na wewe usiinuke. Mimi si mgeni tena hapa."

"Hapana, hapana, nikusindikize. Ngoja kidogo tu. Geti, mwanangu, lile geti..."

"Nitalivuta mwenyewe!" Na kabla mzee hajamaliza neno alikuwa ameshavuka ua, amelivuta geti, yuko barabarani, akijiona mtu mwema aliyemwacha mgonjwa apumzike.

Alitembea kama kawaida yake, nusu mbio. Alipita duka la mikate, akapinda, akampigia mtoto wa mzee.

"Haya, niambie," alisema yule mtu wa vipuri.

"Baba anajiweza."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Presha nzuri, akili kamili, kanitengenezea hadi kiatu. Kila nikienda ananifungulia mwenyewe, na kila nikiondoka ananisindikiza mpaka..."

Neno likamkwama. Hakusindikizwa leo.

"Mpaka wapi?" sauti iliuliza. "Dada? Umenitua mzigo, kweli. Dada?"

"Nitakupigia tena, kaka."

Alisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akamkwepa na kumtukana. Mzee yule, mwenye adabu zote zile, alibaki kitini mgeni anaondoka. Na lile shauri la kumwita mkewe, na hadithi juu ya hadithi. Kiguu na Njia alirudi nyuma kichwani, ziara ya kwanza, ya pili, ya leo. Alimwona mzee amesimama. Alimwona leo amekaa. Hakuwahi, hata siku moja, kumwona akitoka kitini kwenda wima. Na leo lile komeo halikulia nyuma yake.

Aligeuka. Safari hii alikimbia kweli, akakatiza uchochoro wa nyuma ya duka la mikate ili awahi.

Geti lilikuwa wazi kabisa. Sebuleni kiti kilikuwa kitupu. Mzee Randa alikuwa sakafuni kifudifudi, nusu ya njia kuelekea mlangoni, akijivuta kwa viwiko, shati la pasi limejaa vumbi.

"Mzee!" Alipiga magoti, mikono yake ikianza yenyewe kupapasa kichwa, nyonga, mapaja. "Umeumia wapi? Umegonga kichwa?"

"Niache mimi!" Mzee aliusukuma mkono wake. "Mimi sitakwenda popote! Mtafute Mama! Ametoka!"

"Ametoka kwenda wapi?"

"Angekuwa anajua anakokwenda ningelala chini hapa?" Sauti yake ilipasuka. "Hajui njia. Ana miguu ya msichana, lakini akishavuka geti hajui kurudi. Komeo lile nililiweka kwa ajili yake, hawazi kulitafuta kule juu. Mwanangu, barabara kubwa. Kimbia!"

Alimwekea mto chini ya kichwa, akakimbia. Alikimbia na hofu na aibu pamoja, kwa maana geti alilivuta yeye mwenyewe kwa mkono wake, bila komeo.

Muuza mikate alikuwa kibarazani akipunga nzi. "Bibi mwenye kitambaa cheupe? Kapita hapa sasa hivi, mbio kama anamdai mtu. Kabeba kimkoba cha bluu."

Kiguu na Njia alipapasa mkoba wake. Mashine ya presha, ambayo hukaa kwenye kimkoba cha bluu, haikuwemo. Aliiacha kwenye mkono wa kiti. Bibi alikuwa anamfuata yeye, na kwa kurudi kwa uchochoro walikuwa wamepishana.

Alimwona kule mwisho wa mtaa. Barabara kubwa ilikuwa inapitisha malori, mengine yakipiga honi, na bibi alikuwa ukingoni, mguu mmoja umeshashuka kwenye lami, kimkoba kimekumbatiwa kifuani. Alikuwa akitazama upande wa pili kama mtu anayemtafuta mtu katika umati.

"Bibi!"

Hakugeuka.

"Bibi! Simama hapo hapo!"

Lori likapita, kitambaa cheupe kikapepea. Kiguu na Njia akavuta pumzi yote iliyobaki, akaita kama alivyomsikia mzee akimwita pale nyumbani. "Mama! Mama ee!"

Bibi akageuka. Akarudisha mguu juu ya ukingo. Uso wake ulikunjuka, kisha ukakunjamana kwa hasira.

"Wewe msichana unatembea kama unafukuzwa! Nimekuita mpaka koo limekauka. Umesahau kitu chako." Akamtia kimkoba mikononi. "Na umeondoka bila kusindikizwa. Watu watasema nini? Kwetu sisi mgeni haondoki hivyo."

"Nisamehe, Mama."

"Haya, yamekwisha." Bibi aliweka kitambaa sawa, akaangalia mtaa kulia, akaangalia kushoto, na sauti yake ikawa ndogo. "Sasa nionyeshe. Nyumba yetu iko wapi?"

Kiguu na Njia alimshika mkono. Simu ikaita mfukoni, ikanyamaza, ikaita tena. Walirudi kwa mwendo wa bibi, wakimsalimu kila mtu ambaye bibi alitaka kumsalimu, na hao walikuwa wengi.

Mzee alikuwa amejivuta hadi kizingitini. Alipowaona getini aliweka paji la uso sakafuni, mabega yakamtikisika, akalia bila kujificha. Mkewe alisonya.

"Umelala chini tena?"

Alimzunguka kwa nyuma. Akapitisha mikono yake mipana chini ya makwapa, akaweka goti mgongoni. "Haya, moja, mbili." Na mzee akapanda juu. Miaka yote ya karakana bibi ndiye alikuwa akishika ncha ya pili ya kila ubao, na mikono ile haikusahau chochote. Kiguu na Njia alisogeza kiti, wakamkalisha, naye akampima upya kuanzia kichwani. Hakuvunjika. Viwiko tu vilichubuka.

"Sasa umeona," mzee alisema, bibi alipoingia jikoni. "Tangu nitoke huko kwenu, nikikaa siinuki mpaka Mama aninyanyue. Asubuhi ananitoa kitandani, halafu nasimama siku nzima. Ukibisha hodi, kama nimekaa, ananiinua kwanza ndiyo nije."

"Hospitali hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza? Waliniona kitandani, wakaniweka kwenye kiti cha magurudumu, wakanisukuma hadi kwenye gari."

Hakuongeza "na wewe je," na kwa kuwa hakuongeza, Kiguu na Njia alilisikia vizuri zaidi. Akajibu kwa namna ya kikazi, kwa kukosa la kusema. "Mficha maradhi, kilio humuumbua, Mzee."

"Maradhi nayaweza. Kilio changu ni kutengwa naye. Unajua mwanangu anataka nini?"

"Najua."

"Basi usimwambie. Nakuomba. Sema nilivyokuwa asubuhi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumficha mwana kulikuwa rahisi kabisa. Neno alikuwa ameshalisema kwenye simu, alichotakiwa ni kutolirudisha. Angewaacha hawa wawili na komeo lao, na siku moja bibi angetoka tena, au mikono ile ingechoka, na mzee angelala sakafuni hadi jirani asikie harufu. Aliona hilo waziwazi. Aliona pia Jumamosi, mzee kwenye chumba kimoja akiuliza Mama yuko wapi, na bibi kwenye nyumba ngeni, akiamka kila asubuhi asijue yuko wapi. Alitamani kutembea. Miguu ilimwasha. Badala yake akakaa kwenye kiti cha chini, akampigia yule mtu wa vipuri.

"Njoo leo."

"Si umesema anajiweza?"

"Nilikosea. Njoo leo, kaka, kabla jua halijazama."

Mzee Randa aligeuza uso ukutani. Kiguu na Njia aliona amestahili hilo. Kisha akampigia Bimkubwa.

"Uko wapi? Mzee wa moyo anakusubiri!"

"Niko kwa Mzee Randa. Nimekaa. Siwezi kuondoka."

"Umekaa? Wewe? Umekalia nini?"

"Kiti, Bimkubwa."

"Basi kuna balaa hapo." Bimkubwa alishusha pumzi. "Huyo wa moyo nitamwendea mwenyewe. Kesho utanieleza, na uje na maelezo yenye miguu na kichwa."

Mtoto wa mzee alifika alasiri. Alisimama mlangoni akizungusha ufunguo wa gari kidoleni, mtu mnene mwenye mikono mipana ya mama yake. Aliwaamkia wazazi, mama akamwitikia vizuri sana akamuuliza ametoka wapi.

"Dada, sema haraka, nimeacha mteja dukani."

"Karibu ukae."

"Asante, nimeshakaa," alijibu, wima mlangoni.

Kiguu na Njia alilitambua jibu lile kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye mwili wa mwingine. "Hujakaa, kaka. Kaa."

Akakaa, kwa kushangaa tu.

"Mzee," Kiguu na Njia alisema, "nakuomba usimame."

"Usinifanyie hivi mbele ya mwanangu."

"Nakuomba."

Mzee akashika mikono ya kiti. Akainamisha kichwa mbele, akasukuma. Magoti yalitetemeka, makalio yakaachana na mto kwa kitambo, mishipa ikamsimama shingoni, kisha akarudi chini. Mwanawe akaanza kuinuka.

"Kaa!" Kiguu na Njia alimkemea, na wala hakujua amepata wapi sauti ile.

Mzee akajaribu tena. Safari hii hakufika hata nusu. Yule mtu wa vipuri hakuwa anazungusha ufunguo tena. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayemwona baba yake uchi.

Bibi akatoka jikoni na glasi ya maji ya mgeni. Aliwatazama. Aliiweka glasi mezani, na bila kuitwa wala kuambiwa, akazunguka nyuma ya kiti. "Haya. Moja, mbili." Mzee akasimama, akamshika mkewe bega, akajinyoosha shati.

"Umeniuliza baba anajiweza au hajiwezi," Kiguu na Njia alisema. "Hajiwezi. Na mama yako leo nimemkuta kwenye ukingo wa barabara kubwa, hajui kwao ni wapi, na geti nililiacha bila komeo mimi. Hayo yote ni kweli, sitakuficha. Lakini mama ndiye miguu ya baba, na baba ndiye kichwa cha mama. Ukiwatenganisha utakuwa na watu wawili wa kubeba, na hutawaweza. Ukiwaacha hivi walivyo, wawili peke yao, pia haitafika mbali."

"Sasa nifanyeje?" Alipaza sauti, ya hasira na ya woga kwa pamoja. "Mimi nina duka! Nina watoto! Nifanyeje, dada?"

"Viti na kitanda vipandishwe kwa vipande vya mbao, ainuke kwa urahisi. Nitamleta mtu wa mazoezi ya viungo. Miguu hii haijafa, imelegea. Mimi mwenyewe sijamaliza, nitarudi. Lakini kwa sasa lazima pawe na mtu wa tatu humu. Nani, sijui. Hilo si langu."

Bibi alimpa mwanawe maji. Alikunywa yote bila kupumua, akabaki ameshika glasi tupu.

"Unakuja hapa," mzee alisema taratibu, "unasimama pale mlangoni, unauliza hali, unaondoka. Nami nakujibu nzuri, kwa kuwa nimesimama. Tumedanganyana sana, mwanangu." Alinyoosha mkongojo kuelekea uani. "Vipande vya mbao viko karakana. Msumeno uko pale pale ulipokuwa ukiuacha bila kuufuta."

Yule mtu mnene alitazama kiti, akatazama miguu ya kiti, kama anayepima. Akauweka ufunguo wa gari mezani.

Kiguu na Njia akachukua mkoba, na mara hii akahakikisha kimkoba cha bluu kimo. Alisindikizwa na nyumba nzima, mzee amemshika mkewe bega, kok, kok, mwana nyuma yao. Walikwenda polepole, naye hakumharakisha mtu.

"Sijakusamehe," mzee alimwambia getini.

"Najua, Mzee."

"Lakini njoo."

Geti likarudishiwa nyuma yake. Gari la mwana lilikuwa limeegeshwa nje, mbele ya ukuta, limeelekea barabara ya kurudi mjini kwake. Kiguu na Njia hakuondoka. Alisimama karibu na gari lile akisikiliza, yeye ambaye hakuwahi kumsubiri mtu.

"Huyu kijana ni nani?" ilisikika sauti ya bibi kwa ndani.

"Ni mwanao, Mama."

"Atalala hapa?"

Hatua nzito zikaja hadi getini, bila mkongojo. Kisha komeo likalia, chuma kwa chuma, mara moja tu na kwa nguvu, wala si kwa kuhangaika kama lilivyokuwa likilia siku zote.

Alisubiri asikie kama litafunguliwa tena. Badala yake, baada ya muda, kutoka uani ulisikika msumeno ukikwama kwenye mbao, na sauti ya Mzee Randa ikifoka kwamba msumeno haulazimishwi, unaongozwa. Hapo ndipo Kiguu na Njia aliposhika njia.